Jozi Moja Kati ya Kumi na Mbili

Maandiko ya kusoma kabla: 1 Wafalme 19:19-21, 2 Wafalme 4:1-7, Marko 7:9-13, Luka 14:28-30.



Somo la wiki hii limetoka kwa mahubiri yangu mwenyewe, yale ya Jumapili tatu zilizopita kuhusu Elisha kuchoma jembe lake na kumfuata Eliya. Wengi mlinisalimia mlangoni mkisema mmebarikiwa. Nashukuru. Lakini kuna kitu nilikiacha nje siku ile, na imebidi nikirudie kwa maandishi, kwa sababu kuna mtu aliyeyachukua maneno yangu kwa uzito kuliko nilivyoyachukua mimi niliyeyasema.

Jumatatu yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kijana mmoja wa kwaya alibisha mlango wangu. (Ameniruhusu kuandika habari yake, mradi nisimtaje jina.) Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake barua ya kuacha kazi, imepigwa chapa vizuri, imebaki sahihi tu. Akaniambia, "Pastor, niwekee mkono tuombe. Nikifika ofisini saa mbili, naipeana."

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Mhubiri akiona tunda ndani ya saa ishirini na nne, anajiona mkubwa. Nikamkaribisha, mke wangu akaleta chai, na kabla kikombe hakijapoa furaha ilikuwa imeisha, nimebaki na hofu.

Kijana huyu ameajiriwa na kampuni moja ndogo ya mikopo, upande wa kudai. Mshahara wake ni shilingi 38,000 kwa mwezi. Wiki hiyo walikuwa wametumwa kwa boma la mama mmoja mjane, nje kidogo ya Keroka, ambaye alikuwa amechelewesha malipo. Wakabeba televisheni, viti viwili na mtungi wa gesi. Aliponieleza alikuwa anaangalia sakafu. "Mtungi tuliutoa uji ukiwa bado jikoni, Pastor. Mtoto alikuwa ameshika kikombe akingoja."

Kazi anayoitaka ni nyingine kabisa. Dada yake mdogo ni kiziwi, kwa hiyo lugha ya ishara aliijua tangu utotoni, kabla hata hajajua Kiingereza. Kuna shule moja ya msingi hapa Nyamira yenye kitengo cha watoto viziwi, na amekuwa akienda huko siku moja moja kujitolea. Anasema kuna watoto wanaoletwa wakiwa na miaka minane, hawana lugha yoyote, wanachojua ni kuonyesha kwa kidole. Hawajui hata kwamba wao wana majina. Baada ya miezi michache mtoto anaweza kueleza alichoota usiku. Shule iko tayari kumchukua kama msaidizi, maana hajasajiliwa na TSC na hawezi kuitwa mwalimu, na pesa ambazo wazazi wanaweza kuchanga ni 9,000 kwa mwezi.

Sasa hapo nani atasema ni yupi anafanya kazi ya Mungu, yule anayebeba mtungi ama yule anayempa mtoto jina lake? Hata mtu asiyeokoka anaona. Kwa hiyo sikuwa na shaka na mwito wake. Hofu yangu ilikuwa kwenye saa mbili. Nilimuuliza swali moja tu: "Nani amekudhamini mkopo?" Akanyamaza. Nikajua.

Nikamwambia, weka hiyo barua chini, nikueleze kitu ambacho kanisani nilikieleza nusu.

*Ushuhuda wangu, na ile nusu nyingine*

Nusu mnayoijua ni hii. Nilisomea biashara chuo kikuu, nikapata kazi nzuri mjini Kisii kwenye ofisi ya mambo ya fedha, nikafanya kazi hapo miaka sita. Mwaka 2018 Bwana akanisemesha kuhusu huduma, nikaacha mshahara wa 62,000, nikaja hapa kuwa msaidizi wa mchungaji kwa posho ambayo bodi inaijua na sitaitaja. Ushuhuda huu nimeutoa mara nyingi. Watu hupiga makofi.

Nusu nyingine ni kwamba siku naandika barua, nilikuwa na mkopo wa sacco. Nilikuwa nimechukua 600,000 kumalizia nyumba, na nilikuwa nimebakisha 340,000. Waliowahi kukopa sacco mnajua inavyokwenda. Ukiacha kulipa, kwanza wanachukua akiba yako mwenyewe. Yangu ilikuwa 130,000. Ikabaki 210,000. Baada ya hapo wanawageukia wadhamini. Mimi nilikuwa na watatu, kila mmoja akakatwa 70,000 kutoka kwa akiba yake. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye maombi ya kufunga siku ishirini na moja, namshukuru Mungu kwa ujasiri alionipa.

Mmoja wa wadhamini alikuwa mama tuliyefanya kazi naye dirisha moja. Ni Msabato, mtu mtulivu, alinidhamini bila kuniuliza maswali. Akiba yake ilikuwa ya msichana wake aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Nafasi ile ikabidi iahirishwe. Alinipigia simu jioni moja. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema, "Pastor, jirani yangu anakuja kanisa lenu. Ameniambia ulihubiri vizuri sana juu ya kuishi kwa imani." Halafu akanyamaza, akakata simu.

Nyumbani nako. Mke wangu alijua kuna mzigo wa huduma, tulikuwa tumeuombea pamoja, lakini siku yenyewe alijua nimeacha kazi nilipomletea barua ikiwa imeshapigwa muhuri wa kupokelewa. Ndiye aliyelipa kodi mwaka mzima kutoka kwa mitumba anayouza Daraja Mbili. Na mama yangu nilimwambia wa mwisho. Sisi Abagusii mama tunamwita "baba", mgeni akisikia anachanganyikiwa, lakini labda lina maana yake, kwa sababu yeye ndiye alibeba kazi zote mbili baada ya mzee kufariki. Chai yake ni nusu ekari. Nilikuwa namtumia 5,000 kila mwezi kwa karo ya ndugu yangu wa mwisho. Nilipomweleza kwamba Mungu ameniita, alimaliza kwanza kupanga majani kwenye kikapu, akaniuliza: "Alikuita wewe, ama alituita sisi sote? Mbona mimi sikusikia?"

Nilimwona kama mtu wa mwili ambaye haelewi mambo ya roho. Bonasi ya chai ya mwaka ule ilienda karo yote. Paa la jikoni yake, alilokuwa amepanga kubadilisha, likangoja miaka mitatu zaidi.

Hebu hesabu. Mimi nilisema nimeacha kila kitu. Ukifungua kitabu na kuandika kwa mistari kama tulivyofundishwa shuleni, utaona kwamba mimi niliacha mshahara, lakini gharama ililipwa na mwanamke wa mitumba, mama wa chai, na wadhamini watatu, mmoja akiwa na binti aliyekosa chuo mwaka mzima. Hao wote hakuna aliyewapigia makofi.

*Ng'ombe ambao sikuwahesabu*

Turudi kwa Elisha. Nilihubiri moto, na moto upo kwenye andiko, sikuongeza. Lakini soma tena ule mstari wa 19. Eliya alimkuta Elisha akilima, na mbele yake kulikuwa na jozi kumi na mbili za ng'ombe, yeye mwenyewe akiwa na ile ya kumi na mbili. Huyo si mtu maskini. Hapa kwetu, mtu mwenye ng'ombe wawili wa kulima anaheshimiwa kijijini. Boma hilo lilikuwa na ishirini na nne shambani kwa wakati mmoja.

Alichinja wangapi? Jozi moja. Ile yake.

Nilihubiri dakika arobaini na tano bila kuona jambo hilo. Hakugusa zile kumi na moja za mbele. Kesho yake jembe la baba yake liliendelea kulima. Na kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya kwenda kuwabusu baba yake na mama yake, Eliya akamwachilia arudi. Halafu ile nyama hakuiacha ikaungua ili ionekane ni sadaka kubwa. Aliipika akawapa watu wakala. Waliobaki, walibaki wameshiba, wameagwa, na shamba lina ng'ombe.

Ukishaona hilo, utaanza kuliona kwingine. Yakobo na Yohana waliitwa wakiwa kwenye mashua na baba yao Zebedayo. Tunapenda kuhubiri kwamba walimwacha mzee palepale. Ni kweli walimwacha, lakini Marko 1:20 inaweka neno dogo ambalo sisi tunalipita mbio: walimwacha pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakubaki peke yake na nyavu. Kulikuwa na vibarua.

Na kuna lile la Korbani, Marko 7, ambalo kusema kweli silipendi, kwa sababu linanisoma. Kulikuwa na watu waliosema kile ambacho kingewasaidia wazazi wao kimewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wasikitarajie tena. Ilionekana ni jambo la kiroho sana. Yesu hakulisifu. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa desturi yao wenyewe. Yaani inawezekana mtu akalitumia jina la Mungu kukwepa deni la kawaida kabisa la kibinadamu. Mimi 5,000 za mama yangu nilizifanya Korbani, na nikazitolea ushuhuda.

Najua mwenye kujua Biblia ananiuliza sasa hivi: na Luka 9 je? Pale kuna mtu aliyemwambia Yesu atamfuata, ila kwanza aende akawaage watu wa nyumbani, na Yesu akamjibu kuhusu mtu anayeshika jembe huku akitazama nyuma. Mbona Elisha aliruhusiwa na huyu akakemewa? Nimelifikiria sana. Naona tofauti iko kwenye lile "kwanza". Elisha alikwenda, akachinja, akapika, akaondoka. Jioni ile alikuwa njiani. Kuna mtu mwingine ambaye kwanza yake haiishi. Huyo namjua pia, nimekaa naye ofisi moja miaka sita. Anasema nikimaliza mkopo huu naenda kufanya kile Mungu ameweka moyoni mwangu, na ukikaribia kuisha anaenda kuongeza mwingine juu yake. Kwanza gari. Kwanza ploti ya pili. Kwanza mtoto afike kidato cha nne. Anastaafu na miaka 60, magoti yanauma, na ule mzigo wa ujanani umekuwa hadithi ya kumsimulia mchungaji akija kumtembelea hospitalini. Kwa hiyo mtu asichukue somo hili akaenda kujificha nyuma yake. Mama yako si kisingizio chako.

*Mwalimu wa Keriko*

Vijana wetu wanapenda kunitajia Peter Tabichi, na ni vizuri wamtaje. Peter Mokaya Tabichi. Jina la Mokaya peke yake linakuambia ni mtu wetu wa Gusii. Alisomea ualimu Egerton, akafundisha, akajiunga na ndugu Wafransisko wa Kanisa Katoliki, akaenda kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, huko Njoro, kaunti ya Nakuru. Ni mahali pakavu. Darasa lilikuwa na wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja, shule nzima kompyuta moja, na karibu theluthi moja ya watoto walikuwa yatima ama wana mzazi mmoja tu. Alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia. Wanafunzi wake wa shule hiyo ya kijijini walifika mashindano ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, na kifaa cha kumwezesha kipofu ama kiziwi kupima vitu. Tarehe 24 Machi 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja, akiwa amechaguliwa kati ya watu 10,000 waliopendekezwa kutoka nchi 179.

Kijana wangu wa bahasha alinitajia huyo huyo asubuhi ile. Nikamwambia, mimi ni Mpentekoste na yeye ni mtawa wa Kikatoliki, lakini kofia namvulia. Ila tuangalie hesabu yake vizuri. Kwanza tuache mambo ya Dubai. Mtu asitoe asilimia 80 akingoja ndege; walimu wanaotoa hivyo na hakuna anayejua majina yao wako wengi, wengine wako hapa Nyamira, na mwisho wa mwezi bado wanadaiwa dukani. Pili, ndugu Mfransisko ameweka nadhiri. Hana mke, hana watoto, na ana nyumba ya udugu inayomlaza na kumlisha. Alipotoa asilimia 80 alitoa ya kwake. Hakutoa ya mtu mwingine. Kanisa lake lilijenga kwanza mahali pa mtu wa namna hiyo kusimama, ndipo akaweza kutoa.

Sisi Wapentekoste je, tumejenga nini? Tunawaambia vijana waache nyavu, na mashua hatuna watu wa mshahara wa kubaki nayo. Mchungaji akiugua tunapitisha kikapu, halafu unauliza kama kanisa lilikuwa linamlipia SHA ama NSSF, watu wanaangaliana. Naandika hili nikijua bodi inasoma gazeti hili kabla halijachapishwa. Kama mmelipitisha, basi asanteni.

*Mjane wa mtumishi wa Mungu*

Ndiyo maana ile sura ya nne ya 2 Wafalme inanisumbua. Mwanamke anamlilia Elisha. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani mwenzake Elisha, chuo kimoja, huduma moja. Alimcha Bwana, mke anasema hivyo na Elisha hakatai. Lakini amekufa na ameacha deni, na mwenye kudai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa.

Tafakari hapo. Mtu wa Mungu kweli kweli, si wa uongo, na watoto wake ndio dhamana. Biblia haituambii deni lilitoka wapi. Pengine ni ugonjwa, pengine ni njaa. Ila inatuambia nani aliletewa hati ya kulipa.

Na anayeambiwa habari hizo ni Elisha, yule yule aliyechoma jembe. Hakumwambia mama, endelea kuamini. Alimuuliza una nini nyumbani. Chupa ndogo ya mafuta. Akamtuma kwa majirani wote kuazima vyombo vitupu, na si vichache. Mafuta yakamiminika mpaka vyombo vikaisha. Na mwisho wa muujiza hakuna sadaka ya shukrani inayotajwa pale. Kuna maagizo matatu ambayo mtu yeyote wa hesabu angeyatoa: uza, lipa deni, wewe na wanao mkaishi kwa kinachobaki. Kwa mpangilio huo. Muujiza wenyewe ulikwenda moja kwa moja kwa mwenye kudai.

Nilimsomea kijana sura hiyo pale mezani. Nilipofika kwa mwenye kudai, akaweka kikombe chini. "Pastor, huyo ni mimi," akasema. Nikamwambia ndiyo, leo ni wewe. Na ukipeana hiyo barua saa mbili, mwezi ujao utakuwa ndiye yule marehemu.

Hakupenda. Aliniambia, "Jumapili ulinipa moto, leo unaninyima kiberiti." Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka: "Kwa hiyo niendelee kubeba mitungi ya wajane mpaka mkopo uishe? Mwaka mzima?"

Maana tulikuwa tumeshapiga hesabu, na kweli ulikuwa mwaka. Alikuwa na mkopo wa pikipiki, amebakisha 84,000, na analipa 7,000 kila mwezi. Wadhamini wawili, wote wa kwaya hii hii, mnakaa nao mstari mmoja. Ndugu yake yuko kidato cha tatu, na yeye ndiye karo. Na mtu hawezi kusema ni sawa tu kufanya miezi kumi na miwili jambo ambalo dhamiri yake imeshalikataa. Mshahara nao unaweza kuwa na wajane wake.

Tukakaa kimya. Mke wangu, ambaye alikuwa anasikiliza kutoka jikoni na ambaye digrii ya biashara hana, ndiye aliyesema: "Si auze pikipiki?"

Pikipiki ndiyo ilikuwa jozi yake. Mimi mwenye kuhubiri nilikuwa natafuta jibu kwenye Kigiriki.

Ameuza. Alipata 60,000, zote zikaenda kwa mkopo. Imebaki 24,000, ambayo ni miezi minne kwa malipo yake ya kawaida, pengine mitatu akijibana. Sasa anakwenda kazini kwa matatu kama sisi wengine. Ameomba kampuni imhamishie ofisini, asiende tena mabomani, hawajamjibu. Jumapili iliyopita alasiri nilienda naye kwao. Alikuwepo mama yake, mjomba wake, na yule dada kiziwi, ambaye alikuwa anafuatilia kila neno mikononi mwa kaka yake. Mjomba amekubali kushika karo muhula mmoja, si zaidi, na alilisema hilo mara tatu ili lieleweke. Mama hakusema ndiyo wala la. Aliuliza 9,000 inanunua nini siku hizi. Kijana akamjibu kwa mistari, unga, nauli, kodi, na 1,000 ya kwake mama, na mama akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wangu sikumpa nafasi ya kulifanya. Wakati wa likizo kijana anataka kuanza masomo ya elimu maalum. KISE, ile taasisi ya serikali kule Kasarani, Nairobi, imekuwa ikifundisha kazi hiyo tangu 1986, na bila cheti atabaki msaidizi wa 9,000 milele. Ada ya masomo hayo bado hatujui itatoka wapi. Nimeiweka mbele ya bodi, na wakati huu si kwa kikapu.

Mimi sijajuta kuacha kazi. Nikiulizwa leo ningeacha tena. Ningebadilisha tarehe tu, na watu wa kuwaambia kwanza. Yale madeni ya wadhamini niliyalipa kidogo kidogo; ndiyo maana kila Juni mnaniona na laptopu nikiwajazia wafanyabiashara fomu za KRA kabla ya tarehe 30, na wengine mnauliza mchungaji gani huyu wa kodi. Paulo alishona mahema, mimi najaza fomu. Wa mwisho nilimlipa 2022, na alikuwa yule mama Msabato. Alihesabu pesa mbele yangu, noti moja moja, akasema msichana yuko mwaka wa pili sasa, akanipa soda. Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani tutasoma 2 Wafalme 4:1-7 yote. Njoo na kalamu na karatasi. Kama una mzigo wa kazi ambayo unaamini Mungu amekuitia, andika upande mmoja kile utakachoacha, na upande wa pili andika majina ya watu ambao wataathirika ukiacha. Majina, si "familia". Na kama umemdhamini mtu, ama umedhaminiwa, andika hilo pia. Wenye kanisa nyumbani kwao, tafadhali msipite sehemu hiyo haraka ili tufike kwenye chai.

Ile barua ninayo mimi. Kijana aliiacha mezani, haina sahihi, haina tarehe, nimeiweka ndani ya Biblia yangu kwenye hiyo sura ya nne. Tumekubaliana aje aichukue mwenyewe deni likiisha. Miezi minne ikipita na sijamwona, nitampelekea kwake.